Kelele za Pembeni

"Mayai yameganda," alisema mteja kwenye simu. "Yote kumi na mawili. Nimeligonga moja kwenye ukingo wa kikaango, likadunda."

"Pole sana, mteja wetu mpendwa," alisema Mama Nukta, na papo hapo akainua kiganja chake juu ya mito ya makochi iliyogawanya meza.

Kiganja maana yake kimya. Upande wa pili wa meza, mtoto wa miaka minane alifumba mdomo ambao alikuwa ndiyo kwanza anaufumbua.

Meza ilikuwa moja, na hilo halikuwa na ubishi. Mtandao wa nyumba ile ulishika vizuri hapo tu, kati ya dirisha na mlango wa jikoni. Ukisogea hatua nne kuingia chumbani, sura ya mwalimu inaganda mdomo wazi. Kwa hiyo kompyuta ya kampuni ilikaa upande wa mama, tableti ya shule upande wa mtoto, na katikati mama mtu alipanga mito mitatu ya makochi, mmoja juu ya mwingine. Alidhani mito ingemeza sauti. Ilichomeza ni nyuso zao. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja, kila mmoja alimwona mwenzake kuanzia paji la uso kwenda juu.

Shule ilifungwa baada ya mafundi kukuta ufa kwenye ukuta wa ghorofa ya pili, ufa wa kupitisha mkono. Wazazi waliambiwa wiki sita. Huu ulikuwa mwezi wa nane tangu siku hiyo. Shule nayo ilitoa sharti lake: mtoto aliye chini ya miaka kumi asikae kwenye kipindi bila mtu mzima nyumbani, na kila asubuhi mtu mzima huyo apunge mkono mbele ya kamera, mwalimu amwone. Baba yake Nukta alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Nyumbani alionekana wiki moja kwa mwezi, na nusu ya wiki hiyo alikuwa amelala. Mtu mzima alibaki mmoja.

Kampuni ilimkubalia. Kupokea simu za watu wenye majokofu mabovu si kazi ya kukupandisha ngazi hadi ghorofa ya tano. Unaweza kuifanya popote. Ila nao walikuwa na lao: mteja asisikie kelele za pembeni. Onyo la kwanza lilikuja kwa sababu ya mfuniko wa sufuria ulioanguka jikoni. Onyo la pili lilikuja kwa sababu ya kicheko. Mwalimu aliwaonyesha watoto picha ya punda aliyevaa miwani, Nukta akacheka mpaka akajishika tumbo, na mwanamke mmoja kwenye simu akauliza kama amepiga kwa mafundi wa majokofu au kwenye sherehe. Onyo la tatu lilijulikana: unarudi kukaa kiti chako cha ofisini, basi.

Tangu kicheko kile, nyumba ilijifunza kuongea kwa mikono. Kiganja, kimya. Vidole viwili, nenda chooni sasa hivi kabla simu nyingine haijaingia. Kujipigapiga tumbo, njaa. Mtoto alivua viatu bila kuambiwa. Kiti alikiinua, hakukiburuta.

"Dada, huyu mtoto hata chafya anaipigia ndani kwa ndani," mama alimwambia dada yake jioni moja, anajisifu.

"Mtoto huyo, au umefuga samaki?" dada yake akauliza, na wote wawili wakacheka sana.

Sasa samaki alikuwa anatakiwa kuimba. Wiki ile ilikuwa ya mtihani wa kusoma, na tangazo la shule lilikuwa wazi: mtoto asiyesikika akisoma ukurasa mmoja kwa sauti hapandi darasa. Kwa kuandika, Nukta alikuwa hana mpinzani. "Mwandiko wake naujua hata gizani, Mama Nukta," mwalimu alikuwa amesema. "Sauti yake ndiyo siijui." Wakapanga zamu yake iwe saa saba mchana, wakati wa mapumziko ya mama, nusu saa nzima ambayo kampuni haikuwa na haki nayo.

Kumbe jana yake mwalimu alikuwa ameusogeza mtihani hadi saa nne asubuhi, na habari hiyo alikuwa ameituma kwa ujumbe wa sauti kwenye kikundi cha wazazi. Wazazi wengine husikiliza jumbe hizo wakiosha vyombo. Mama Nukta hasikilizi. Masikio yake ameshayakodisha mchana kutwa, na ikifika jioni hataki kusikia hata redio ya jirani. Husoma kilichoandikwa, cha kusikiliza anakiruka. Jumbe arobaini na saba za sauti zilikuwa zimelala kwenye simu yake, hazijafunguliwa.

Karatasi ikapanda juu ya mito. MWALIMU ANASEMA NI SASA.

Mama akaichukua huku akimuuliza mteja namba iliyobandikwa nyuma ya jokofu. Akaandika chini yake: SAA SABA. Akairudisha.

Ikapanda tena. SASA AU BASI.

"Namba ipo kwa nyuma, binti?" mteja aliuliza. Alikuwa mzee, sauti yake haina haraka, sauti ya mtu ambaye siku nzima hajaongea na mtu. "Jokofu lenyewe ni zito. Ngoja nilisogeze. Zamani mke wangu ndiye alikuwa anasukuma na mimi navuta."

"Taratibu tu, mteja wetu mpendwa."

Alibonyeza kitufe. Taa nyekundu kwenye waya wa hedifoni, ile inayowaka mteja anapokusikia, ikazimika. Akajipinda kuizunguka mito.

"Mwalimu, samahani. Mimi nilijua saa saba."

"Nilituma ujumbe jana, Mama Nukta." Mwalimu alikuwa amekaa mbele ya pazia lililobandikwa kwa pini. Nyuma ya pazia hilo mtoto mchanga alikuwa analia kwa nguvu zake zote, na hakuna aliyemwandikia mwalimu onyo. "Saa tano napeleka alama ofisini. Nimebaki na watoto watatu. Aanze tu, ni ukurasa mmoja."

"Soma," mama akamwambia mtoto. "Ruksa. Soma kwa sauti."

Nukta akaitazama ile taa iliyozimika. Akamtazama mama yake. Akaanza.

Midomo ilikwenda. Kidole kilifuata mstari, kikashuka, kikafuata mstari mwingine. Mwalimu akasogeza uso wake karibu mpaka skrini ikajaa pua.

"Sikusikii, mwanangu. Umefunga kipaza sauti?"

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Mama alikikagua mwenyewe.

"Binti?" Mzee alikuwa amerudi. "Nimeipata. Nikusomee?"

Taa ikawaka. "Ndiyo, mteja wetu mpendwa, nisomee." Akaandika namba mbili za mwanzo, na hapo hapo, kwenye kona ya skrini ya kampuni, kikajitokeza kialama kidogo cha sikio. Msimamizi ameingia. Hufanya hivyo mara mbili tatu kwa siku, bila taarifa: huchagua simu moja na kuisikiliza hadi mwisho. Leo amechagua ya mayai.

Mama Nukta aliandika namba zilizobaki.

"Naomba usubiri kidogo mteja wetu mpendwa, niangalie kumbukumbu za jokofu lako." Dakika mbili. Kampuni hairuhusu zaidi. Muziki wa kumliwaza mteja ukaanza, na sekunde zikaanza kuhesabika kurudi nyuma: mia na ishirini, mia na kumi na tisa.

Alizunguka meza, waya wa hedifoni ukimfuata, akapiga magoti kando ya kiti cha mtoto.

"Nukta. Hatusikiki sasa hivi. Unaona taa? Imezimika. Soma."

"Fundi viatu alikuwa na mbuzi," Nukta alisoma.

Ilikuwa pumzi tupu. Ilikuwa kama mtu anayepuliza chai.

"Kwa sauti, mama."

"Fundi viatu alikuwa na mbuzi."

"Nukta, sauti! Toa sauti!"

Mtoto alimgeukia. Hakuwa na kiburi, wala hakuwa na hofu. Alikuwa ameshangaa kabisa.

"Ndiyo hii," alinong'ona. "Ndiyo sauti yangu."

Mama Nukta alibaki amepiga magoti. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho mtoto huyu kumwita kutoka chumba kingine. Alijaribu kukumbuka wimbo, ugomvi, kilio cha kujigonga kidole. Akakumbuka kicheko cha punda mwenye miwani, miezi mitano nyuma, na baada ya hapo hakuna. Jioni, kazi ikishaisha na hedifoni imetundikwa, ni kweli waliongea. Lakini waliongea vichwa vikiwa vimegusana kwenye kochi moja, na yeye kwa uchovu wake aliuona ule mnong'ono kuwa ni mapenzi.

"Mama Nukta," mwalimu alisema, "nina mwingine anasubiri. Siwezi kuandika nimemsikia kama sijamsikia. Nitaulizwa."

"Dakika moja, Mwalimu."

"Moja tu."

Zilibaki kama sekunde arobaini. Alimshika mtoto mabegani. "Piga kelele. Sema chochote. Nitukane mimi."

Nukta akafungua mdomo, shingo ikamsimama mishipa, na kilichotoka kilikuwa upepo uleule, umeongezwa tu. Kisha akafanya jambo ambalo mama yake hakulitegemea: akainua kiganja chake kidogo, akamwekea mama yake usoni. Kimya. Alikuwa anaangalia nyuma ya bega lake, kwenye waya.

Dakika mbili zilikuwa zimekwisha. Taa imewaka yenyewe.

"Binti, upo?" mzee aliuliza. "Huo muziki wenu mzuri, ila mfupi."

Sikio lilikuwa bado kwenye kona. Mama Nukta hakuhitaji kuliona. Alijua la kufanya: kurudi kitini, kusema maneno saba yaliyoandikwa kwenye kadi ya kampuni, kufungua tiketi ya kumwita fundi, kumtakia mteja siku njema. Dakika tatu, hazifiki nne. Na mwalimu angeandika alichokiona.

Akavuta kitabu.

"FUNDI VIATU ALIKUWA NA MBUZI!" alisoma, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Vioo vya dirisha vilitetemeka. "MBUZI ALIKULA KAMBA! AKALA SOLI!"

Nukta aliziba masikio. Macho yake yalikuwa kwenye ile taa nyekundu, yakaja kwa mama, yakarudi kwenye taa.

"AKALA NA NINI?" mama alimuuliza, kidole kwenye mstari. "Akala na nini, wewe? Soma!"

"Kofia," alinong'ona Nukta.

"NINI?"

"Kofia."

"SIKUSIKII!"

"Kofia!" Ilikwaruza. Ilitoka kama mlango wa stoo isiyofunguliwa siku nyingi, nusu yake hewa, nusu yake sauti. Yeye mwenyewe alijishika koo. "Akala... akala kofia ya mteja!"

"Kofia ya nani?" mzee aliuliza kwenye hedifoni.

"Ya mteja, baba," alisema Mama Nukta. Kadi haikuruhusu neno baba. "Nisamehe. Huyu ni mwanangu. Yuko kwenye mtihani wa kusoma, na asiposikika anarudia darasa."

Ilisikika mzee akivuta kiti. "Haya. Amalize, basi. Mayai hayaendi popote."

Akamaliza. Hakusoma vizuri. Sauti ilipanda pasipostahili kupanda, ikapasuka katikati ya neno, ikakohoa, ikaanza tena mstari. Fundi alimfukuza mbuzi hadi sokoni, na sokoni sauti ikapotea kabisa kwa sentensi nzima. Mama hakumsaidia tena. Ilipofika nukta ya mwisho, mtoto alikuwa amesimama juu ya kiti, hakuna aliyemwambia apande.

"Nimemsikia," alisema mwalimu, na akainamisha kichwa kuandika. Mtoto wake nyuma ya pazia alikuwa amenyamaza, kama naye alikuwa anafuatilia habari za mbuzi. "Nimemsikia, Mama Nukta. Amepanda. Anayefuata!"

Mama akarudi kwenye kiti chake. Alifungua tiketi ya fundi, akamsomea mzee siku na saa, akamuuliza kama kuna lingine. Mzee alisema hakuna. Ila binti huyo anywe maji ya uvuguvugu, koo lake limekauka. Simu ikakatika. Sikio lilikuwa limeshaondoka kwenye kona, na mahali pake palikuwa na kisanduku cha ujumbe, mistari miwili.

Aliusoma mara moja. Akabaki ameukodolea macho, mkono umeshika ukingo wa meza.

Mto wa juu ukaanguka. Nukta alikuwa ameegemea kwa kifua, shingo ameinyoosha, anaitazama kompyuta ya kampuni kichwa chini miguu juu. Akazunguka upande wa mama yake ili aione vizuri. Aliweka kidole kwenye skrini, chini ya neno la kwanza.

"Onyo la tatu," alisoma. Alikuwa bado hajui kipimo cha sauti yake. Alisoma kama anayewasomea watu mia uwanjani. "Kuanzia. Kesho. Fika ofisini. Saa mbili. Kamili."

Akamgeukia mama yake, uso umemjaa, anangoja aambiwe kama amepata.

"Umesoma vizuri," alisema Mama Nukta.

"Nirudie?"

Kwenye tableti mtoto mwingine, mahali pengine, alikuwa ameshaanza kisa cha mbuzi kutoka mwanzo. Kwenye hedifoni kengele ya mteja anayefuata ililia mara ya kwanza, na taa nyekundu ikaanza kuwaka na kuzimika, inangoja kidole.

"Rudia," mama alisema.