Mkono wa Wifi Yer

Siku ya pili ya msiba wa mzee wangu, baba watoto, nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nikikaa, nasahau kusimama. Ukumbi wa msiba hapa St. Paul, Marekani, ulijaa watu, filimbi inalia, ngoma inalia, na mimi nikaitwa twende machinjioni. Mkwe wangu Pahoua, mke wa mwanangu, alikuwa amepiga simu huko, akarudi na uso wa mtu aliyevunja chungu cha watu.

"Mama, nafikiri nimekosea maneno," akaniambia garini.

"Ulisemaje?"

"Nilimwambia Dale tunataka sehemu zote, kila moja peke yake."

Nikafumba macho. Dale ni mkulima wa Kizungu, anatuchinjia sisi Wahmong, watu tuliotoka Laos, miaka mingi, lakini aliyekuwa akielewana naye ni mzee wangu, na mzee wangu ndiye aliyelala kwenye jeneza. Kiingereza cha Pahoua ni cha benki. Mkopo anaujua, riba anaijua, ng'ombe hamjui. Changu mimi ni cha darasa la wazee kule kanisani: kichwa, bega, goti, basi.

Ng'ombe yule aliletwa na wifi yangu Yer, dada wa marehemu. Kwenye ukoo wetu, dada akimletea kaka yake ng'ombe wa mwisho, hurudishiwa mkono mmoja, yaani mguu wa mbele, kuanzia bega hadi kwato, bila kutenganishwa. Mkono wa pili ni wa mpiga filimbi anayemwonyesha marehemu njia ya kurudi kwa mababu. Ukimnyima dada mkono wake ni kama kumwambia si wa ukoo tena. Na Yer si mtu wa kunyamaza. Asubuhi ile alishasema, "Nikikosa changu, kesho makaburini mtakwenda bila mimi." Mzee wangu azikwe dada yake hayupo? Nisingepata usingizi tena.

Tulimkuta Dale ameshika msumeno. Nusu ya ng'ombe ilikwisha kuwa vipande, kavifunga kwenye karatasi nyeupe vizuri kabisa, maskini. Nusu nyingine ilikuwa bado inaning'inia.

"Mwambie aache," nikasema.

Pahoua akaanza. "Tunataka kipande kikubwa."

"Kikubwa kiasi gani?"

"Sehemu ya mbele. Ile... nusu?"

"Nusu ndiyo hii yote," Dale akasema, akaipiga kofi.

Nikaona hapa tutazeeka. Nikavua koti, nikainama, nikaweka mikono sakafuni, na nguo zangu za msiba.

"Mimi ng'ombe," nikamwambia Dale kwa Kiingereza changu.

"Mama jamani, inuka! Watu watatuonaje!"

"Nyamaza. Mwambie anionyeshe msumeno unapita wapi."

Dale akachora hewani kwa kidole. Nikakataa. Akachora tena, nyuma ya bega, akapita chini ya kwapa. Nikaitikia. Nikainua mkono, nikauonyesha wote mpaka vidoleni. "Huu mmoja," nikasema. "Usikate."

Alicheka, halafu akaacha kucheka, akasema na Pahoua akanitafsiria. "Bega na mguu, vimeungana, na kwato yake. Sisi tungesema robo ya mbele, lakini robo ina shingo na mbavu, na ninyi hamzitaki."

Robo! Ng'ombe wa watu anapimwa kama sukari.

Mkono ukatoka mzima. Lakini ulikuwa mmoja. Wa pili niliutafuta kwenye zile karatasi, nikafungua moja moja, nikapata goti, nikapata bega, Dale akaniokotea kwato kwenye pipa. Nikavifunga kwa kamba. Mgongo ulikuwa unawaka moto.

Ukumbini, ule mzima nikampa mpiga filimbi. Yer akafunua plastiki niliyomtilia vile vipande.

"Hii nini, wifi?"

"Mkono wako."

"Mkono? Kwani uligongwa na gari?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Kosa ni langu, shangazi," Pahoua akasema.

"Sijakuuliza wewe, mtoto wa benki."

Nikakaa chini karibu naye. "Wifi, nimechoka. Yule mtu wa filimbi ni wa nje. Akiondoka na hasira, kaka yako atapotea. Wewe ukinikasirikia, najua unapokaa, nitakuja kukuomba."

Akawa anavigeuza vile vipande kwa kidole, akachukua goti, akaligeuza.

"Umeliweka juu chini. Miaka yote hii umekula ng'ombe wetu, na humjui."

"Simjui."

"Naipokea kama nyama," akasema. "Mkono wangu bado. Utaniletea siku ya kuiachia roho yake iende, tukichinja ng'ombe mwingine. Mzima."

"Mzima. Na kesho?"

"Kesho nini? Unadhani nitakuachia kaka yangu umzike peke yako, wewe usiyejua goti?" Akamgeukia Pahoua. "Na wewe mpigie huyo Mzungu sasa hivi, umwagize mkono mzima, kabla hujayasahau maneno yake."

Pahoua akatoa simu.