Anayeimba Mlimani

Tulipoliona kanisa la mpakani, mume wangu aliacha kukanyaga. Najua, kwa sababu nilikuwa nimekaa nyuma yake. Baiskeli yetu ni ya viti viwili. Aliiunga mwenyewe kwenye karakana yake ya kuchomelea, akakata baiskeli mbili akazifanya moja: yeye mbele na usukani, mimi nyuma na mgongo wake. Pedali zimeunganishwa kwa cheni, kwa hiyo miguu ya wote inazunguka sawasawa, na anayetutazama kando ya barabara hawezi kujua nani anaendesha na nani anaendeshwa. Mtu wa nyuma anajua, maana uzito wote unamshukia yeye.

Safari yenyewe ilianzia kwenye kitanda changu cha hospitali. Nilikuwa nimepasuliwa tumbo, niko nusu kaputi, baba watoto akapiga magoti pale miguuni akaweka nadhiri: Mungu akimponya mke wangu, sisi sote tutaikata nchi kwa baiskeli, mwanzo hadi mwisho, tukimshuhudia. Nilipozinduka, nadhiri ilikuwa imeshatangazwa kanisani kwetu na makofi yameshapigwa. Hakuna aliyeniuliza. Nikafunga cherehani yangu, nikapanda. Mungu alinitendea kweli, sibishi, na imani yangu haijapungua hata chembe. Kinachonichoma ni kuolewa na mtu anayelipa nadhiri zake kwa magoti yangu.

Njiani alikuwa mchangamfu huyo! Kila mlima aliupanda akiimba, ubeti kwa ubeti, kiitikio mara mbili. Watu walitoka madukani kumshangilia. "Mzee ana pumzi!" Anayo, kwa nini asiwe nayo? Anayekanyaga mlimani hana pumzi ya kuimba, muulize yeyote aliyewahi kupandisha gunia la mkaa kwa baiskeli. Mimi nyuma nilikuwa nahema, mshono wa tumbo unanivuta, na nyuma yangu binti yetu anatufuata kwa baiskeli yake, mdogo wake kafungwa shuka kwenye keria. Siku moja nikamwambia, "Baba Watoto, kanyaga basi." Akanijibu bila kugeuka, "Nakanyaga kwa imani."

Basi tukafika. Uwanjani mwa kanisa viti vya plastiki vilikuwa vimejaa watu, kwaya imesimama, spika inakoroma. Nilishuka nikashika ukuta. Mchungaji alimkumbatia mume wangu, akampa kipaza sauti.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Nimefika! Nimeshinda milima! Nimenyeshewa, nimeungua jua, sikurudi nyuma!"

Binti yangu akaninong'oneza, "Mama, kwani sisi tulipita njia gani?"

Nikamwambia anyamaze, huku na mimi nikijizuia. Nilikuwa na sababu moja tu ya kujizuia: tulishakubaliana kurudi nyumbani kwa basi. Shule zilikuwa zimefunguliwa, binti amechelewa masomo. Na tangu juzi mshono wangu ulikuwa unatoa maji. Mume wangu alijua, ndiye aliyekwenda kuninunulia pamba.

Mchungaji akamsifu. Akasema laiti kanisa lake lingekuwa na wanaume watatu wa imani kama hii, hata hilo paa lisingekuwa linavuja. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilimwona mume wangu anavuta pumzi, kifua kinapanda, nikajua kimenuka.

"Mungu akilijalia kanisa hili paa jipya," akasema, "tutarudi nyumbani kwa baiskeli ile ile! Na hatungoji bati la kwanza. Tunaondoka kesho, kwa imani!"

Vigelegele. Kwaya ikaanza kuyumba. Mimi nilisikia kitu kimoja tu. Kwenye kufika alisema *nimefika*. Kwenye kurudi anasema *tutarudi*. Penye sifa yuko peke yake, penye jasho ndipo anakumbuka ana familia. Hasira ilinipanda mpaka mshono ukaacha kuuma.

Kipaza sauti sikukihitaji. Mtu aliyezoea kuongea juu ya kelele za cherehani ana sauti yake.

"Baba Watoto, kwenye hiyo *tutarudi*, mimi nitoe."

Wimbo wa kwaya ukakatika katikati ya neno. Mchungaji akaja na tabasamu la kutuliza mgonjwa. "Mama yangu, nadhiri imeshatoka kinywani."

"Kinywani mwa nani, Mchungaji? Kinywa chake, miguu yangu. Ile ya kwanza nimeilipa mpaka mwisho, Mungu ananiona. Hii ya pili mwenye nayo huyo hapo, mzima wa afya, na mmesikia ana pumzi."

Huko kwenye viti mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Mume wangu alinikazia macho, meno bado yako nje.

"Mama Watoto, tutaongea nyumbani."

"Utanikuta. Natangulia na basi."

"Na watoto?" Akamgeukia binti yetu, sauti imelainika ghafla. "Mwanangu, wewe unasemaje?"

Binti alikuwa amechuchumaa anamfungua mdogo wake kwenye keria. Alisimama, akakunja shuka vizuri, akalitia kwapani.

"Safari njema, Baba."

"Amina!" akaitikia bibi mmoja wa mstari wa mbele, sijui kwa mazoea au kwa makusudi, na kanisa zima likamfuata. Ikabidi mume wangu arudi kwenye kipaza sauti.

"Basi... nitarudi," akasema, na watu wakampigia makofi.

Baadaye alinifuata nyuma ya kanisa, kwenye bomba, nilikokuwa nanawa vumbi. Nilijiandaa kwa ugomvi, maneno yamejaa mdomoni. Lakini hakuja kugombana. Aliegemeza baiskeli ukutani, akakishika kile kiti cha nyuma. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtoto aliyeachwa sokoni:

"Sasa kule milimani nani atakanyaga?"

Kumbe alijua. Njia nzima nilikuwa najifariji kwamba hajui.