Goti la Kiilu

Du. Du. Du.

Sauti ilitoka nyuma ya ukuta wa ploti yetu, Uthiru, kabla sijafungua macho. Mpira unagonga mawe, unarudi, unapigwa tena. Nililala nikihesabu. Mtu aliyejifundisha mizani ya mashairi peke yake, kwa kugonga kijiko mezani, hawezi kusikia kitu kikijirudia bila kukihesabu. Nane, kisha nane. Mguu wa kushoto, mguu wa kulia, nguvu sawa. Hakuna pigo hata moja lililochechemea.

Nikakaa kitandani. Ng'ambo ya ukuta ule ni kwa kina Kiilu, mshambuliaji aliyekuwa akiongoza kwa mabao ligi kuu mpaka goti lake lilipoteguka mwezi wa pili. Kila mtu alisema msimu umemwishia. Alikuwa amerudi kwa mama yake kujiuguza. Na sasa mimi, peke yangu Nairobi nzima, nilikuwa nikisikia goti lililopona.

Ngazi ilikuwa imeegemea pale pale ukutani. Sikuipanda. Ya nini? Sikio langu nililiamini.

Sisi ni marafiki wanane, na tuna ligi yetu ya kubuni. Mwanzoni mwa msimu kila mmoja hujichagulia wachezaji wa kweli, na mchezaji mmoja hawezi kuwa wa watu wawili. Akifunga bao, mwenye mchezaji huyo anapata pointi tano. Akitoa pasi ya bao, tatu. Kipa asipofungwa, nne. Kubadilishana wachezaji kunaruhusiwa, lakini sharti useme mishororo miwili yenye vina mbele ya wote, na ukishajibiwa kwa vina hakuna kurudisha. Sheria hiyo niliileta mimi. Nyingine waliileta wao, na najua waliileta kwa sababu yangu: atakayemaliza wa mwisho hatatunga shairi lolote kwenye grupu letu la WhatsApp msimu mzima unaofuata. Ataruhusiwa kutuma kidole gumba tu.

Nilikuwa wa saba.

Jumamosi hiyo tulikutana mjini, kwenye hoteli yetu ya ghorofani, chai na mandazi mezani. Kiilu alikuwa wa Stellah, dada anayesoma mita za maji kule Kileleshwa, mwenye mdomo mkali kuliko mbwa wote anaokutana nao kazini.

"Nataka Kiilu," nikamwambia.

Akaacha kupuliza chai. "Kiilu gani? Wa magongo?"

"Huyo huyo. Nakupa kipa wangu."

"Waithaka, uko sawa? Umekula asubuhi?"

Mwololo, aliyekuwa wa nane, alifurahi mpaka akaninunulia mandazi. "Mwacheni ndugu yangu," alisema. "Anakuja kunipokea kiti."

"Mtu mzima akitaka goti, apewe goti," akaamua Mutinda, mwalimu, ambaye ndiye mwenyekiti wetu. "Haya, semeni."

Nikasimama.

"Kiilu namchukua, pamoja na goti lake,
Stellah ninamwachia, kipa na mikono yake."

Stellah hakusimama hata. Alifuta midomo, akajibu:

"Kipa wako napokea, mikono yake mizima,
Goti umejipakia, utalibeba daima."

Meza nzima ikagongwa kwa vijiko. Nilitabasamu kama mtu anayejua siri.

Kesho yake asubuhi sauti ilianza tena, na safari hii nilipanda ngazi, nimwone nyota wangu. Kiilu alikuwa ameketi juu ya kreti la soda, mguu wa kulia umenyooshwa, kikombe cha uji mkononi. Aliyekuwa akipiga mpira ni dada yake, Nthenya, msichana wa miaka kumi na tisa anayechezea timu ya wanawake ya daraja la pili. Kushoto, kulia. Nane, kisha nane.

"Sasa, jirani," Kiilu akasema. "Mbona unatuangalia kama umefiwa?"

Niliwaeleza yote, nikiwa bado juu ya ngazi. Nthenya alilazimika kuukalia mpira kwa kicheko.

"Kwa hivyo umemchukua bro kwa miguu yangu," alisema.

"Goti lenyewe linasemaje?" nikamuuliza Kiilu.

"Daktari anasema limepona, niende polepole. Mguu ndio haujaambiwa."

Akasimama kunionyesha. Alipiga mara nne, na nikasikia kosa lenyewe. Kushoto, du. Kulia, kimya kidogo, kisha du dhaifu. Goti halikuwa likiuma. Mguu ulikuwa ukiogopa, ukisubiri maumivu ambayo hayakuwepo tena.

"Unachelewa kwenye mizani ya pili," nikamwambia. "Usiuangalie mguu. Nifuate mimi."

Nikaanza kugonga ngazi kwa kijiko ninachotembea nacho, nikimpa ubeti wa kutembelea. Kila silabi, hatua. Siku ya kwanza alinitukana. Siku ya tatu alianza kujibu kiitikio. Kuanzia hapo nilikuwa ng'ambo ya ukuta kila alfajiri kabla ya kwenda kazini kwangu, duka la kuchapisha kadi za harusi mjini. Daktari aliongeza mazoezi, nami nikaongeza beti. Nthenya alirudisha mipira na kutusahihisha sote wawili.

Wakati huo kipa wangu wa zamani alikaa mechi tano bila kufungwa. Stellah alinitumia picha ya kidole gumba kila Jumapili, ili, alisema, nianze kuzoea. Nikateremka mpaka wa nane.

Ilipofika siku ya mwisho ya msimu, Mwololo alikuwa mbele yangu kwa pointi mbili, na wachezaji wake wote walikuwa wameshamaliza. Mimi nilibakiwa na mmoja tu, Kiilu, aliyekaa benchi kwa mara ya kwanza tangu aumie. Mimi na Nthenya tulikuwa jukwaani.

Aliingia zikiwa zimebaki dakika kumi na tano. Mara mbili mpira ulimfikia na mara mbili akaurudisha nyuma kwa kushoto. Nilitoa kijiko mfukoni, nikaanza kugonga chuma cha kiti kilichokuwa mbele yetu. Watu walinigeukia. Sijui kama alinisikia katika kelele zile. Dakika ya themanini na nane alipewa mpira pembeni, beki akamjia upande wa kushoto, na mguu wa kulia haukusubiri. Krosi ikapaa juu ya kipa, mwenzake akaipiga kichwa wavuni.

Pasi ya bao. Pointi tatu. Nilikuwa wa saba.

Hakuna aliyewahi kushangilia nafasi ya saba hivyo. Nilimkumbatia mzee nisiyemjua. Simu ikalia, ni Stellah. "Umeponea, kijana," alisema, na nilimsikia akicheka. "Haya, tutungie kitu. Tumeboeka."

Nthenya alikuwa akimwangalia kaka yake akiwapungia mkono mashabiki.

"Siku ile ulisikia vizuri," alisema. "Nane kwa nane. Ni mimi tu hukunijua."

Kweli. Sikio langu halikukosea mguu. Lilikosea mwenye mguu, kwa sababu halikudhani kwamba mchezaji wa kuchaguliwa katika ligi yetu anaweza kuwa msichana. Nikamgeukia, nikasema kwa sauti ya kusikika safu tatu:

"Msimu ujao tunahesabu ligi za wanawake pia, hadi daraja la pili, hata kama nitagombana na Mutinda mpaka jioni. Na chaguo langu la kwanza, Nthenya, kabla ya Kiilu, ni wewe."