Mtunza Moto wa Meli ya Unga

Kalinga alikuwa amesimama kwenye foleni ya ofisi ya wilaya, mjini Iringa, tangu kabla milango haijafunguliwa. Baridi ya Juni 1979 iliukaza mkono wake wa kulia, ambao vidole vyake vyote vilikuwa vimegandamana na kiganja tangu bomba la mvuke lilipopasuka na kumwunguza. Daktari alikuwa amemwambia kwamba bila upasuaji wa Dar es Salaam havitafunguka tena. Gari la majeruhi wa vita lingeondoka saa nane mchana. Kilichokosekana ni barua ya kumpandisha.

"Uliumia wapi, kaka?" aliuliza Apolonia, muuza nyanya wa Ilula aliyekuwa nyuma yake.

"Melini. Tulikuwa tukivusha askari na unga kutoka Mwanza kwenda Bukoba."

"Mhehe na meli, wapi na wapi? Sisi hata Ruaha tunauogopa."

Watu wakacheka. Kalinga naye akatabasamu.

Ilikuwa saa saba na nusu alipofika mbele ya karani, Liberatus, ambaye aliipitia orodha ya majeruhi mara mbili.

"Jina lako halimo, ndugu."

"Najua. Siku ya kuandikisha majina, wenzangu walipanga mstari juu sitahani. Mimi nilikuwa chini, kwenye tanuri. Moto wa meli hauachwi peke yake."

"Ungemwachia mwenzako."

"Mwenzangu alikuwa na malaria. Na askari mia mbili walikuwa wamekwisha kupanda."

"Halafu meli yenyewe ya unga. Haikupiga hata risasi moja."

"Waliopiga risasi walikula nini?"

Liberatus aliitazama saa ya ukutani. "Waandikie Mwanza. Wakithibitisha, urudi."

"Gari linaondoka leo, ndugu."

"Yatakuja mengine."

Nje, injini ikawashwa. Karani akasukuma karatasi mbele. "Weka sahihi hapa, kwamba umehudumiwa."

"Siwezi kushika kalamu."

"Basi dole gumba." Akafungua kikopo cha wino. "La kulia. Ndivyo fomu inavyotaka."

Kalinga aliulaza mkono wake juu ya fomu, ukiwa ngumi.

"Limo humu ndani," alisema kwa upole. "Litoe wewe."

Hakuuondoa, hata gari lilipokwisha kupita dirishani.