Maboga ya Visitacion

Mwezi wa Februari maboga ya Visitacion yalijaa chini ya kitanda, juu ya kabati na kwenye ngazi za nyumba. Shina moja lilipanda paa la choo na kuzaa mengine saba. Mbegu alizipanda marehemu mumewe, Melchor, wiki moja kabla ya kufa.

Visitacion aliyapika kwa nazi na kamba wa baharini, akakaanga chapati za boga, akasindika kwenye siki, akakausha mbegu. Nguruwe alipoanza kuyasusa, akagawia majirani, kila nyumba boga moja.

Wa kwanza kukata lake alikuwa Primitiva, jirani wa ng'ambo ya barabara. Kisu kilipozama, boga likasema kwa sauti ya Melchor, "Dada Prima, nimeumwa na swila. Nitolee pikipiki." Primitiva akaondoa mbegu, akakatakata, akabandika jikoni. Alikuwa amemwambia mjane kwamba siku ile ya swila yeye alikuwa sokoni.

Jioni alimkuta jirani mwingine bombani.

"La kwako limesemaje?" akauliza Primitiva.

"Boga liseme nini? Kwani la kwako limesema?"

"Wala."

Wakatazamana. Tangu hapo watu walikata maboga madirisha yakiwa yamefungwa na redio ikiunguruma. Wengine waliyachoma mazima. Kila mmoja alitega sikio kwa jirani.

Visitacion naye akaanza kushuku. Yake mwenyewe hayakusema kitu, maana Melchor hakubisha hodi kwake; siku ile yeye alikuwa zahanati mjini. Lakini sahani alizowapelekea chapati zilirudi zimejaa vyakula mno, na watu walimshukuru bila kumtazama usoni. Akachukua boga na kisu, akavuka barabara.

"Kata tule wote, Dada Prima."

"Kisu changu butu, mwenzangu."

"Nimekuja na changu."

Primitiva akakata.

"Dada Prima, nakuona hapo dirishani," likasema boga.

Primitiva akavitia vipande chunguni, vikachemka.

"Limeiva vizuri," akasema Primitiva.

"Limeiva. Ongeza chumvi kidogo."

Wakala. Visitacion akaosha kisu, akaenda nyumba ya pili, kisha ya tatu. Kote Melchor alikuwa amepita mchana ule, akiburuta mguu. Kote walimkumbuka kama mtu pekee aliyekataa kutia saini karatasi ya kuipa kampuni ya mawe kilima, na Kapiteni, kiongozi wa kijiji, alikuwa ameonya kwamba atakayemsaidia hatapata mgawo wa mchele. Hakuna aliyelisema hilo. Walisifu boga.

Jumamosi akafika kwa Kapiteni Doroteo. Mkewe akaandaa meza, na Kapiteni akakata mwenyewe, kwa heshima ya mgeni.

"Kapiteni, nitasaini," likasema boga, sauti imeshakatika pumzi. "Lete karatasi. Nipe gari tu."

Kapiteni akafuta kisu kwa kitambaa. Visitacion alimtazama mikono. Ilikikunja kitambaa kwa utaratibu. Alitaka kuuliza alingoja muda gani nyuma ya mlango bila kumfungulia Melchor, lakini akanywa maji.

"Mbegu nzuri hii," akasema Kapiteni. "Tutapata?"

"Zipo nyingi."

"Msimu ujao tupande kijiji kizima."

Visitacion akazichota mbegu kwa kijiko, moja moja, akazitandaza juu ya gazeti la Kapiteni. Malori yalikuwa yakishuka kilimani na mawe, meza ikatikisika, na mke wa Kapiteni akaishika sahani isianguke.