Sajini Yav Arudi kwenye Mstari

Bomu la kutegwa lilimpofusha Sajini Yav kwenye barabara ya Malemba-Nkulu, kikosi chake kikiwafukuza wanamgambo. Tangu siku hiyo mke wake, Saumu, alimshika mkono na kumpeleka ofisi ya pensheni mjini Kamina, na kila mara karani aliwajibu vile vile: dosie, yaani faili la Yav, iko Kinshasa, daktari wa tume ya pensheni bado hajatia sahihi. Binti yao Mwajuma alizaliwa, akatambaa, akaanza shule. Dosie ilikuwa bado Kinshasa.

Saumu alitoka katika familia ya wafanyabiashara wa Maniema. Mchele na mawese aliyouza sokoni ndivyo vilivyowalisha, na hilo hakulilalamikia. Lakini asubuhi moja koplo mmoja alisimama mlangoni pa nyumba yao kambini akaangalia chini.

"Mama Mwajuma, Kapiteni Florent anasema mutoke mu nyumba. Nyumba ya kambi iko ya askari. Baba Mwajuma haiko tena askari."

"Nani aliandika vile?" Saumu akauliza.

Koplo alipoondoka, Yav, ambaye siku hizo alikuwa akishinda ameegemea ukuta, akageuza uso upande wa mke wake.

"Nguo yangu ya kazi iko wapi?"

Saumu aliitoa sandukuni, akaipiga pasi. Ilimpwaya Yav mabegani, kwa kuwa alikuwa amekonda. Kesho yake alimwongoza hadi uwanja wa gwaride, akauweka mkono wa mumewe juu ya bega la askari wa mwisho kwenye mstari, kisha akasogea pembeni na kusubiri.

Kapiteni Florent, mkuu wa kambi, alimwona, akaja taratibu.

"Sajini, weye hauone. Utafanya kazi gani huku?"

"Ile mutanipa, mon capitaine."

Askari wawili wakacheka. Kapiteni akawatazama, wakanyamaza.

"Rudia nyumbani."

"Kama minyi niko kilema, munipatie pensheni. Kama niko askari, nyumba njo yangu. Muchague moja."

Kapiteni akamgeukia Saumu. "Mama, umuchukue bwana yako."

"Nilimuleta ku kazi, shefu," Saumu akasema. "Kazi bado kuisha."

Yav alisimama juani mpaka mstari ukavunjwa. Njiani Saumu akamwambia waketi kidogo. Alikataa. Moyoni alikuwa na hasira, na hasira hiyo ilimpa raha ambayo hakuwa ameipata kwa muda mrefu.

Wakarudi kesho yake, na siku iliyofuata. Glodie, askari mwanamke aliyevunjika nyonga vitani na ambaye dosie yake nayo ilikuwa ikisubiri, alisikia habari hiyo. Akaja na magongo yake, akasimama kando ya Yav. Baadaye wakaja wengine: wa mguu mmoja, wa mkono mmoja, mwingine asiyesikia. Walijipanga nyuma, sare zao zimechakaa lakini safi.

Jioni moja Kapiteni Florent akabisha hodi kwa Saumu. Alikaribishwa kiti na chai.

"Nilibaandikia bakubwa," alisema. "Nyumba mubakie nayo, mupaka pensheni itoke. Njo uwezo yangu yote. Lakini, Sajini, usirudie tena ku gwaride. Bakubwa banapita pale, banauliza maswali."

"Aksanti kwa nyumba, mon capitaine," Yav akasema. "Bakubwa baulize. Kesho nitakuya."

Kapiteni akamtazama Saumu, kana kwamba yeye angemsaidia.

"Nitamuleta minyi mwenyewe," Saumu akasema, akamwongezea chai.

Pensheni haijatoka mpaka leo. Ila asubuhi iliyofuata, majina yalipoitwa uwanjani, aliyekuwa akiita alifika mwisho, akasita, akamwangalia kapiteni. Kapiteni akaitikia kwa kichwa.

"Sajini Yav."

"Présent," Yav akajibu, kwa sauti iliyofika hadi barabarani.