Swali Lisilokuwemo Kwenye Fomu

Mimi, Bertilla, mwanafunzi wa kidato cha tatu, natamka kwamba nilikuwa na akili timamu siku nilipoijaza fomu ya bima ya maisha ya baba yangu, na kwamba makosa yote yaliyomo ni ya ukoo mzima.

Jambo lenyewe lilianza na msiba. Mzee Gabriel, aliyekuwa akiuza vipuri vya baiskeli jirani na duka letu la pembejeo pale Majengo, alifariki wiki moja baada ya Pasaka. Alikuwa na bima ya maisha. Mkewe, Mama Hellena, alipokwenda kudai haki yake, aliambiwa kwamba marehemu alijaza fomu kuwa hana kisukari, ilhali faili lake la hospitali lilionyesha amemeza dawa za kisukari kwa miaka sita. Alirudi mikono mitupu. Hellena mwenyewe, niliyekuwa nikisoma naye, hakurudi shule muhula ule, na kitanda chake bwenini akapewa msichana mwingine.

Mama yangu alitoka kuhani akiwa na maazimio mawili: baba atakata bima, na fomu yake itakuwa ya kweli kama maungamo ya Kwaresima.

Wakala wa bima, kijana mmoja anaitwa Jastin, mwenye tai fupi na heshima ndefu, alituletea fomu ya kurasa nane siku ya Jumatano na kusema ataifuata Jumatatu. Nami kwa kuwa nilikuwa likizo, na kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, nikateuliwa kuwa karani. Mwandiko huohuo ndio ulioniponza shuleni, nilipobandika tangazo kwa niaba ya matroni, bila yeye kujua, kwamba kila mwanafunzi aje kwenye uji na mto wake wa kulalia kwa ukaguzi. Wasichana mia tatu na kumi na wawili walikuja na mito. Sista mkuu wa shule alimwandikia baba barua. Baba aliisoma mara mbili, akasema mwandiko wa Sista haufikii wangu.

Kwa hiyo nilikaa mezani na kalamu, baba upande huu, mama upande ule. Nikagundua mapema kwamba watu wawili wanaweza kulala chumba kimoja miaka ishirini na wasikubaliane ni nani aliugua nini. Homa iliyomlaza baba wiki nzima mwaka 2009, yeye alisema ni homa ya matumbo. Mama alisema ni pombe ya ulezi aliyokunywa kwenye harusi ya Wilibrodi kule Kaengesa. Kovu la mguuni, baba alisema ni mbwa. Mama alisema mbwa gani ana meno ya mnyororo wa baiskeli. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena, mpaka karatasi ikaanza kuota manyoya.

Kama mtumishi mwaminifu, niliongeza maswali machache ya kwangu ili kuchangamsha kikao. Nikasoma kwa sauti ya kiofisi: je, mwombaji hukoroma, na kama ndiyo, ni majirani wangapi wamelalamika? Baba alifikiri kwa makini, akasema niandike hapana. Mama akasema niandike ndiyo, na majirani ni wawili, bila kuhesabu mbuzi.

Kisha tukafika swali la saba, ambalo halikuwa langu. Je, umewahi kuambiwa na daktari kwamba una ugonjwa wa moyo?

Hapo hakuna aliyecheka. Moyo wa baba ni jambo linalojulikana. Tangu utotoni bibi alimkataza kukimbia, na shuleni alisamehewa mchakamchaka. Hajawahi kubeba gunia la mbolea kwenye duka lake mwenyewe, hulibeba mama, na wateja wageni hushangaa, mama akawaambia, "Baba Bertilla ana moyo." Pikipiki huiendesha kwa mwendo wa maandamano ya Sakramenti Kuu. Ajabu ni kwamba hajawahi kuumwa huo moyo, wala hakumbuki daktari aliyemwambia. Aliambiwa na mama yake.

Mambo yakawa hivi. Tukiandika ndiyo, Jastin alikwisha kutudokeza kwamba mwenye moyo mbovu mara nyingi hukataliwa. Tukiandika hapana na ikaja kugundulika, sisi ni watoto wa Mzee Gabriel. Mama alisema ukweli uko Msanzi kwa bibi, kwa sababu bibi hatupi karatasi. Wadogo zangu wanne walikuwa wanacheza uani. Mama aliwatazama wao, hakunitazama mimi, akasema, "Nendeni mkaulete."

Jumamosi asubuhi tukapanda pikipiki, baba na mimi, na fomu ndani ya bahasha, nimeibana tumboni chini ya sweta. Upepo wa mwezi wa saba ulitupiga tangu tunatoka mjini, na baiskeli mbili zilizopakia mkaa zilitupita.

Bibi Avelina tulimkuta anapepeta ulezi uani, amejifunga kanga mbili kiunoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia na kuniuliza kama mke mwenzake bado hajafukuzwa shule. Baba alimweleza habari ya bima. Bibi hakuelewa kwa nini mtu mzima aende kuwaambia wageni magonjwa yake. Baba akamweleza upya kwa Kifipa, kwa kirefu, akamtaja Mzee Gabriel na Hellena. Bibi aliposikia habari ya kitanda cha Hellena, aliweka ungo chini, akaingia ndani. Alitoka na kadi ya kliniki, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko umefungwa kwenye leso.

Ilikuwa kadi ya mwaka 1974, ya zahanati ya masista, imekunjwa mara nne na rangi imekuwa ya chai. Jina: Mathias. Ndilo jina la baba. Na hapo pembeni, kwa wino uliofifia, mtu alikuwa ameandika kwamba moyo wa mtoto una tundu. Baba alisoma, akaiweka magotini pake.

"Basi ni ndiyo," alisema.

Alisema kwa utulivu kabisa, na hilo lilinitia hofu kuliko kama angelia. Nikaichukua kadi ili nipate kitu cha kufanya. Upande wa nyuma kulikuwa na ule mchoro wa uzito, wenye vidoti kwa kila mwezi. Mtoto Mathias alipanda vizuri mwaka wa kwanza, akapanda polepole wa pili, akafika kilo kumi na moja. Katika mwaka wa tatu akaanza kushuka. Kisha vidoti vilikoma, mistari mingi ikawa mitupu. Mwishoni kabisa mwa karatasi, penye mwaka wa tano, vidoti vilianza tena, na hapo mtoto Mathias alikuwa na kilo tatu na nusu.

Sisi tuliosoma baiolojia tunajua kwamba jambo hilo haliwezekani. Baba alikuwa anatazama ukuta. Nilitaka acheke. Kwa hiyo nikaifungua fomu, nikakohoa kiofisi, nikasoma swali ambalo halikuwemo:

"Swali la nane. Je, mwombaji amewahi kufa?"

Baba alitabasamu nusu. Akasema niandike bado.

"Andika ndiyo," bibi alisema.

Nilimtazama kuona kama naye ananitania, maana utani wetu hauna mipaka. Hakuwa ananitania. Alikuwa ameshika kanga yake kwa mikono yote miwili.

"Mara moja," alisema. "Alikuwa na miaka mitatu."

Nilijua ni wajibu wangu kueleza kwamba swali hilo nililitunga mimi, na nikaeleza, lakini hakuna aliyenisikiliza. Baba alikuwa amegeuka mzima mzima. Akauliza nani alikuwa na miaka mitatu. Bibi akajibu, "Mathias." Baba akasema, "Mathias ni mimi." Bibi akasema, "Wewe ni Mathias wa pili." Nami nilikaa katikati yao na kalamu, sijui niandike wapi.

Ilichukua muda kuipata habari yote, kwa sababu bibi aliieleza kutoka mwisho kwenda mwanzo. Huku kwetu mtoto akifa jina lake haliachwi. Anayezaliwa baada yake hulichukua. Hilo kila mtu analijua, na ninao binamu watatu waliopata majina kwa njia hiyo. Mathias wa kwanza alizaliwa wakati babu na bibi wanakaa karibu na misheni, kabla hawajahamia Msanzi. Ndiye aliyekuwa na tundu. Alikufa, wakamzika kule, na mwaka uliofuata akazaliwa baba, akapewa jina. Siku bibi alipompeleka kliniki, sista alimwomba kadi, naye akaitoa kadi aliyokuwa nayo. Sista alikuwa mgeni, wa kwanza alikuwa amehamishwa. Akaona jina, akaona nafasi imebaki, akaandika.

"Ningeomba kadi mpya ningeulizwa ya zamani ina nini," bibi alisema. "Nisingeweza kusema."

Kutoka kwenye kadi hiyo kikapatikana cheti cha kuzaliwa, na kutoka kwenye cheti kikapatikana kitambulisho cha taifa. Kwa hiyo baba, aliyeamka asubuhi na miaka hamsini na moja, saa sita mchana alikuwa na arobaini na saba. Nilimpongeza.

Alitaka kujua jambo moja tu. Ikiwa tundu lilikuwa la yule, kwa nini yeye amekatazwa kukimbia maisha yake yote? Aliuliza kwa sauti ya chini, na niliona kwamba ana hasira na hajui aielekeze wapi, kwa sababu mbele yake kulikuwa na mama yake tu, na mama yake ni mdogo kama kiroba cha kilo kumi.

Bibi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua hunyesha chini.

"Jina lilikuwa lilelile," alisema. "Ningejuaje kwamba moyo si uleule?"

Baba aliinua ungo, akaanza kupepeta ulezi, vibaya, na bibi akamwacha.

Tulirudi mjini na bibi kwenye pikipiki, kati yetu, na fomu sasa ikiwa na matatizo mengi kuliko ilipokwenda. Mama alisikiliza habari yote akiwa amesimama, kisha akakaa. Jumatatu Jastin alipofika, nilimsomea kwa utaratibu. Mwombaji anaitwa Mathias. Ndugu wa mwombaji aliyefariki anaitwa Mathias. Kwa mujibu wa kitambulisho, mwombaji alizaliwa siku aliyozaliwa marehemu. Kwa mujibu wa kadi ya kliniki, mwombaji ana ugonjwa uliomuua, na bado yuko hai, amekaa pale anakunywa chai. Jastin alilegeza tai yake fupi. Aliuliza kama tunamaanisha kwamba ni pacha. Tulisema hapana. Akauliza kama tunaweza kuandika tu jambo moja na kuliacha lingine. Mama akamwambia polepole kwamba Mzee Gabriel naye aliacha lingine.

Jastin alitoka nje, akapiga simu, akarudi. Ofisi yake imesema tarehe ya kuzaliwa inaweza kurekebishwa kwa kiapo cha mzazi mbele ya wakili. Lakini kuhusu swali la saba ofisi haitaki kadi wala hadithi. Inataka daktari.

Kiapo kilimalizika asubuhi ya Jumanne, ingawa wakili alimwuliza bibi tarehe kamili na bibi akamjibu kwamba ni wakati wa kupalilia ulezi. Hospitali tulifika saa tano. Daktari alikuwa mama mfupi mwenye haraka. Alimpima baba kwa mashine yenye nyaya, ikatoa karatasi ndefu. Alimkimbiza ngazi juu na chini mara tatu, na baba, ambaye hajakimbia tangu azaliwe, alikimbia kama kuku aliyefunguliwa miguu. Kisha akamsikiliza kifuani, mbele na nyuma, akamwuliza amewahi kuugua moyo. Baba alinitazama mimi karani wake. Nami niligeuza kurasa za fomu.

Daktari akasema haidhuru, yeye hasikii tatizo lolote, na karatasi pia haina tatizo.

Tulidhani hiyo itatosha. Lakini bibi, aliyekataa kabisa kubaki kwenye benchi la nje, alisimama akasema hajaridhika. Baba akaanza kumwomba radhi daktari. Bibi hakumjali. Alinyoosha mkono, akaonyesha kile chombo cha masikioni. Daktari alisita kidogo, akakivua shingoni, akamvika bibi masikioni, chini ya kilemba chake, akakiweka kichwa cha chombo kifuani kwa baba.

Bibi alisikiliza muda mrefu. Nje walikuwa wanaita namba za wagonjwa. Alifumba macho, akakihamisha chombo mwenyewe, upande huu, upande ule, kama anayetafuta mtu nyumbani. Baba hakutikisika hata kidogo.

"Huyu ni mwingine," bibi alisema.

Akakivua chombo, akakirudisha kwa mikono miwili. Daktari akachukua kalamu yangu, akavuta fomu, akaniuliza swali la saba liko ukurasa wa ngapi.